Kifurushi Juu ya Kigoda

Barua ya dada yangu ilikuwa fupi, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, barua fupi ni barua ya shida. Aliniandikia kutoka Karungu kwamba mtoto atabatizwa Jumapili ya tatu ya mwezi unaofuata, kwamba wageni watakuwa kama thelathini hivi, na kwamba nisilete shuka, nisilete sabuni, nisilete sufuria. "Leta mchezo," aliandika. "Mchezo wa kuchekesha watu wazima. Mama asipocheka siku hiyo, mimi nimekwisha."

Wacha nieleze, maana mtu asiyejua habari ya koo la mama yangu atadhani dada alikuwa ameanza kuchanganyikiwa.

Sisi ni watu wa Rongo, watu wa jembe. Tulikula mahindi, njugu na viazi vitamu, na samaki tuliyemjua vizuri ni yule mkavu wa sokoni, ambaye hata mifupa yake imeshachoka na haisumbui mtu. Dada akaolewa Karungu, ziwani, kwa watu ambao mtoto wao hujifunza kutema mfupa kabla hajajua kutembea. Mama alipopelekwa rasmi kwa mara ya kwanza kula nyumbani kwa binti yake, pamoja na wanawake wa kwetu na vikapu vyao kichwani, wenyeji walimwekea ngege mzima aliyetoka majini asubuhi ileile. Ilikuwa heshima kubwa. Mama hakutaka waseme kwamba watu wa Rongo hawajui kula samaki, kwa hiyo akala haraka haraka, kama mzoefu. Mfupa ukakwama kooni.

Sasa, kwetu sisi mama mkwe na mume wa binti yake hawagusani. Hawasalimiani kwa mkono, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, hawatazamani machoni, hawataniani kabisa. Si ugomvi. Ni heshima, tena heshima nzito kuliko ile unayompa chifu. Siku hiyo wanawake walihangaika na mama, mmoja akimpa maji, mwingine akimlazimisha kumeza tonge la ugali, na mama macho yakaanza kumtoka. Shemeji yangu alikuwa nje na wanaume wenzake. Aliposikia kelele aliingia mbio, akamwinamisha mama mkwe wake, akamgonga mgongoni kwa kiganja. Mfupa ukaruka na kutua kwenye bakuli la mchuzi. Mama akapumua, na wote wakaona ni mkono wa nani uliokuwa mgongoni mwake.

Mtu wa mbali angesema asante na yaishe. Mama alifunga kitambaa chake vizuri, akachukua kikapu, akarudi Rongo siku hiyohiyo bila kumaliza chakula. Miaka minne ikapita bila yeye kukanyaga Karungu. Shemeji naye alishikwa na aibu hivi kwamba akimwona mama katika soko la Rongo, mwanamume wa futi sita, alikuwa anachutama nyuma ya magunia ya njugu mpaka apite. Mimi wakati huo nilikuwa chuo cha ualimu, sikuyaona. Nilisimuliwa tu, kila mtu na kipande chake. Mama mwenyewe hakuwahi kulitaja jambo hilo hata siku moja. Ukianza habari za samaki mbele yake, alikuuliza kama umeshafungia kuku.

Kitu kilichomuumiza dada ni kwamba mama asiyekula kwa binti yake ni kama anautangazia ulimwengu kwamba binti ameazimwa tu, hajaolewa. Watu wa Karungu walikuwa wameanza kunong'ona. Mtoto wa kwanza dada alilazimika kumbeba hadi Rongo ili nyanya yake amwone. Lakini huyu wa pili, msichana, alipewa jina la marehemu mama wa mama yetu. Kwetu jina la mtoto hutoka kwa waliokufa. Bibi huyo alimjia dada ndotoni wiki nzima, na mtoto hakuacha kulia mpaka lilipotajwa jina lake. Mama angekataaje kwenda kushuhudia ubatizo wa mama yake mwenyewe? Alikubali. Ila alitoa sharti moja, na alilitoa akiwa anapepeta mtama, bila hata kuinua kichwa: atakwenda na chakula chake mwenyewe kikapuni, na atakula hicho.

Kubeba chakula chako kwenda kwa wakwe! Dada aliposikia alilia siku mbili. Aliniambia baadaye kwamba aliapa moyoni: mama akifungua kikapu kile mbele ya wakwe, yeye ataingia ndani, atafunga mlango, na hao wageni wabatizane wenyewe. Ndiyo maana aliomba mchezo. Aliwaza kwamba mtu akicheka sana husahau alivyonuna, na akisahau alivyonuna, njaa humkumbusha mengine. Lilikuwa wazo la mtu aliyekata tamaa, lakini sikuwa na bora zaidi.

Basi nikaanza kutafuta mchezo. Nilikuwa nimeitwa ofisi ya elimu Homa Bay kwa mambo ya kazi, kwa kuwa nilifundisha shule ya msingi karibu na Rongo, na nilipomaliza huko nikaingia duka la mzee mmoja Mwislamu aliyekuja kutoka pwani zamani. Duka lake lilikuwa na kila kitu kuanzia taa za chemni hadi pipi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Changu cha Rongo kilimfanya atabasamu, nami nikakasirika kidogo, lakini nilikuwa na shida, nikaimeza hasira.

Kwanza alinionyesha karata. Nikamwambia hii ni sherehe ya ubatizo, katekista atakuwepo, na akiona karata ataanza mahubiri ambayo hayataisha kabla ya jua kutua. Akaleta ludo. Nikauliza wanacheza wangapi. Wanne. Na wale ishirini na sita waliobaki? Nawajua watu wangu. Watasimama nyuma ya wale wanne na kuwaelekeza, na mwisho ni vita. Akaleta dhumna, nikamwambia hiyo wanaume wataikalia kwenye kona moja, na wanawake hawataiona tena mpaka Krismasi. Mzee akachukua ubao mwingine, mzuri, wenye rangi, wa nyoka na ngazi. Nilikuwa karibu kuukubali mpaka nikawaza sura ya wazee wa Karungu nitakapoingia katika boma lenye mtoto mchanga na ubao uliochorwa majoka kumi, tena moja limefungua mdomo. Niliurudisha upesi.

Akapuliza baluni. Ikapasuka usoni pake. Akairudisha ile pakiti kwenye rafu.

Mzee yule alikuwa na subira kunizidi. Alikaa juu ya gunia la sukari, akaniuliza hao watu wangu wanataka kushinda au wanataka kucheka. Nikamwambia kucheka. "Basi, mwalimu, usinunue mchezo wenye mshindi," akasema. "Mchezo wenye mshindi una mshindwa. Na ukweni mshindwa hacheki."

Maneno hayo ndiyo yaliyonikumbusha kifurushi. Chuoni, mwalimu wetu mkuu, mama mmoja wa Kizungu mwenye miguu mirefu, alituchezesha kila Krismasi. Unachukua kitu, unakifunga kwa karatasi, unaweka kijikaratasi chenye amri ya kuchekesha, unafunga tena juu yake, amri nyingine, unafunga tena, mpaka kinakuwa kikubwa kama kichwa cha ng'ombe. Watu wanakaa duara wanapokezana huku ngoma inalia. Ngoma ikikatika, aliyekishika anafungua tabaka moja na kufanya alichoamriwa. Hakuna mshindi. Kila mtu anaaibika kidogo, na aibu ikigawanywa sawasawa haiumi. Mzee alifurahi sana, akaniuliza katikati nitaweka nini. Sikuwa nimefikiria. Akanipa kopo la peremende, akasema katikati pawe na kitu kinachogawika. Aliniongezea mzigo wa magazeti ya zamani bila bei, na akanionya nisifunge picha ya mwanasiasa yeyote kwa nje, wasije wakaanza kubishana kabla ya kufungua.

Amri niliziandika mezani shuleni, watoto wakiwa wanafanya hesabu. Niliandika kumi na mbili, kwa Dholuo, lugha yetu, bila shaka, ingawa hapa nazisimulia kwa Kiswahili. Wika kama jogoo aliyechelewa kuamka. Tembea kama mtu aliyenunua viatu jana. Jisifu kama wanavyojisifu vijana kwenye ngoma. Hesabu kumi kurudi nyuma kwa Kiingereza. Mimi nikianza utani huwa sijui pa kuacha, na nilikuwa nacheka peke yangu mpaka watoto wakaacha hesabu wakawa wananitazama. Nyingine nilizikopa zilezile za chuoni, zilizotuchekesha zaidi, bila kuzifikiria mara mbili.

Mama ndiye aliyenisaidia kufunga. Sikumwonyesha amri, maana nilitaka mshangao. Yeye alijua tu kwamba ni zawadi ya kuchezea. Alikunja magazeti kwa makini na kufunga kila tabaka kwa uzi wa katani aliousokota mwenyewe, kwa fundo lake ambalo hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeweza kulifungua. Nilimwomba asikaze sana. Akasema kitu kikifungwa kifungwe. Kando yake kilikuwepo kikapu chake tayari, na ndani yake viazi vitamu vya kuchemsha na njugu. Nilikitazama kikapu kile kwa chuki ambayo sijawahi kumtazama nayo mtu.

Jumapili hiyo ibada ilikwenda salama. Mtoto alilia kwa wakati unaofaa, katekista akafupisha, na karibu saa sita mchana tulikuwa tumeketi bomani kwa dada chini ya kivuli kilichojengwa kwa miti na mafunjo. Ziwa lilikuwa hapo chini tu, karibu kiasi kwamba ungesikia watu wakizungumza kwenye mitumbwi. Wanawake waliketi safu moja, wanaume safu nyingine, wakitazamana kama timu mbili zinazongoja refa. Mama alikuwa mwisho wa safu yetu, kikapu kati ya miguu yake. Shemeji alikuwa mwisho kabisa wa safu ya wanaume, karibu na njia, ili aweze kuinuka haraka kuhudumia wageni.  Mtu mmoja alisema mvua imechelewa. Baada ya muda mrefu mwingine alikubali kwamba kweli imechelewa.

Dada alikuwa anatoka na kuingia jikoni, na kila akipita alinikodolea macho. Alikuwa amepika kuku, akapika nyama ya ng'ombe, akapika mboga za kienyeji, na alikuwa amepiga marufuku samaki hata wa kuonja asiingie katika boma lile siku hiyo. Hebu fikiria, Karungu, sherehe, na hakuna harufu ya samaki. Wageni walikuwa wanatazamana.

Nikasimama. Nikaeleza mchezo. Nikaomba wasogeze viti ili tupate duara, nao wakasogeza, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mwalimu wangu mwenye miguu mirefu asingeweza kuliota, kwa kuwa yeye hakuwa na wakwe Karungu. Ukizikunja safu mbili ziwe duara, ncha zinakutana. Mwisho wa wanawake ukakutana na mwisho wa wanaume. Mama akajikuta jirani na shemeji, na yeye shemeji ndiye atakayempa kifurushi mkononi.

Wote waliona kabla yangu. Shemeji alikuwa ametazama chini kana kwamba ameangusha sindano. Mama alikuwa amefunga kitambaa chake upya, na hiyo haikuwa dalili nzuri. Mimi nikaanza kusema labda tuanze kwa kula.

Aliyetuokoa ni nyanya wa shemeji. Alikuwa mzee sana, meno mawili, na kwa umri ule alikuwa na ruhusa ya kumtania yeyote, wakwe kwa wasio wakwe. Nilikuwa nimempa kazi ya ngoma: aketi nje ya duara akitupa mgongo, apige kopo la mafuta ya taa kwa kijiti, na akatize anapotaka. Aligeuka, akatutazama, akasema tulete kigoda kiwekwe katikati ya wale wawili. Mmoja aweke kifurushi juu yake, mwingine akichukue, na heshima itabaki mahali pake. Watu wakapumua, kigoda kikaletwa, mchezo ukaanza.

Na ulichezeka. Wa kwanza kushikwa alikuwa katekista mwenyewe, naye aliwika kama jogoo aliyechelewa kuamka, akawika vizuri hivi kwamba jogoo wa jirani alimjibu. Hapo basi. Mwanamke mmoja mnene alitembea kama mwenye viatu vya jana mpaka akalazimika kushikiliwa. Mvuvi mmoja mkimya alipoambiwa ajisifu alisimama akajisifu muda mrefu, na ilibidi tumkalishe kwa nguvu. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila karatasi ililetwa kwangu, nami nikaisoma kwa sauti. Mafundo tu ndiyo yaliyotusumbua. Kila tabaka lilipelekwa kwanza kwa mama alifungue, naye alilifungua kwa vidole viwili, na nikaona mdomo wake umeanza kulegea pembeni. Hakucheka bado. Lakini kikapu alikuwa amekisukuma kidogo nyuma kwa kisigino. Dada alisimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliniangalia kama ndugu.

Kifurushi kikazunguka tena. Shemeji akakipokea, akakiweka juu ya kigoda, akaondoa mikono. Mama akanyoosha mikono yake, haijafika. Kopo likanyamaza.

Mpaka leo sijui kama ajuza yule aliyetupa mgongo alikuwa anasikiliza viti au alikuwa anachungulia. Nilipomuuliza baadaye alisema masikio yake yamekufa, kisha akanijibu swali jingine nililomnong'oneza mtu kando.

Likazuka bishano. Wanawake walisema shemeji ndiye aliyekigusa mwisho, ni chake. Wanaume walisema ameshakiachilia, ni cha mama mkwe. Wanawake wakasema mama hajakigusa. Mvuvi aliyejisifu akatoa hoja ndefu kuhusu samaki aliyechomoka kwenye ndoano ya mmoja na bado hajaingia kwenye wavu wa mwingine, kwamba huyo ni wa ziwa. Mwishowe nyanya akapiga kopo mara moja tunyamaze. Akasema kigoda hakina mikono, basi wafungue wote wawili: mwanamume ashike karatasi, mama mkwe afungue fundo lake, na mikono isikutane.

Wakafanya hivyo, macho chini, taratibu, kama watu wanaotegua mtego. Gazeti likafunguka. Kijikaratasi kikaanguka kwenye nyasi. Nikakiokota, nikakifungua, nikakisoma kwanza kimoyomoyo.

Ilikuwa moja ya zile amri za chuoni, zilizotuchekesha kuliko zote: Mgonge aliye kushoto kwako mgongoni mara tatu, umwambie pole. Na aliyekuwa kushoto kwa shemeji ni mama.

Niliiandika amri hiyo kwa mkono wangu, mimi, mwalimu mzima, nikijua habari yote ya mfupa!  Watu walikuwa wananingoja. Basi nikadanganya. Nilisema imeandikwa kwamba waimbe wimbo wa kanisa. Lakini mimi sauti yangu haijui kudanganya, inapanda juu kama ya mbuzi, na mama amenizaa.

"Lete hapa," akasema.

Mama alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kanisa, ili asome Biblia mwenyewe bila kungoja watoto. Alijivunia hilo kuliko ng'ombe. Nikampa karatasi, sikuwa na njia nyingine. Akaishika mbali na macho, midomo ikimsogea. Akasoma mpaka mwisho. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Akairudia tena. Dada kule mlangoni alikuwa ameshusha mwiko. Shemeji hakujua kilichoandikwa, lakini aliiona sura yangu, na akaanza kuinuka ili aondoke.

Kisha mama akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma zaburi. Nilisikia mtu akivuta pumzi. Nilitaka ardhi ifunguke niingie, pamoja na magazeti yangu.

"Hii kazi ilishafanywa," mama akasema. Alikuwa anamwambia nyanya, maana shemeji hangeweza kumtazama, lakini alisema kwa sauti ya kumfikia kila mtu. "Ilifanywa miaka minne iliyopita, humo ndani. Mara tatu. Na pole aliniambia, mimi nilimsikia, nikanyamaza. Kama hangenigonga, mtoto huyu leo angeitwa jina langu."

 Yale maneno yalichukua muda kuingia. Sisi tunaowapa watoto majina ya waliokufa tulielewa vizuri alichosema. Nikamtazama yule mtoto aliyelala mgongoni kwa jirani, mwenye jina la bibi, na nikahesabu mwenyewe. Nililia, sitaki kusema uongo. Shemeji alikuwa amekaa tena, mikono magotini, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nyanya ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha meno mawili, na alipocheka mama naye akashindwa. Kumbe mama alikuwa amekibeba kicheko kile miaka minne. Alicheka akashika mbavu, akaeleza mfupa ulivyoruka, akaonyesha kwa kidole ulivyotua kwenye bakuli, na mwanamke aliyekuwa na bakuli hilo siku ile akasema ndiyo, mchuzi ule hakuumaliza. Duara lote likavunjika. Watu walikuwa wanafuta machozi na kupigana viganja, isipokuwa wale wawili, ambao walicheka kila mmoja akitazama upande wake, kama inavyotakiwa.

Alipotulia, mama akasema ana njaa, na akauliza samaki yuko wapi.

Dada alisema kuna kuku. Mama akasema kuku anao Rongo, hakuja Karungu kula kuku. Sijawahi kumwona mwanamume wa futi sita akikimbia vile akiwa na suti ya ubatizo. Alishuka ziwani na kurudi na ngege wawili wakubwa, suruali imelowa hadi magotini, akawaweka juu ya kile kigoda na kuondoka. Dada akawachukua kutoka hapo. Kifurushi kilichobaki walikimaliza watoto bila kungoja ngoma, na peremende zikaisha kabla sijaonja hata moja. Kikapu cha mama nacho kilipelekwa kwa wanaume nje. Waliusifu utamu wa viazi vya Rongo, na inasemekana shemeji peke yake alikula vinne.

Sisi wanawake tulikula ndani, wanaume nje, ukuta wa udongo katikati yetu. Mama alikula polepole safari hii, kwa vidole, akitoa mfupa mmoja mmoja na kuupanga ukingoni mwa sahani. Hakujifanya mzoefu. Dada aliketi mbele yake bila kula, akihesabu kila tonge linaloingia. Jiko lilikuwa karibu, na kuni zilikuwa mbichi.

Katikati ya yule samaki wa pili, mama akakohoa.

Mikono yote ikasimama. Nje, kiti kikaanguka, na tukasikia hatua zikija mbio hadi mlangoni, zikakwama hapo. Mama alikunywa maji. Hakugeuka.

"Rudi uketi, mwanangu," akasema kwa sauti. "Ni moshi tu."

Tukasikia kiti kikiinuliwa. Dada aligeuza uso ukutani akakaa hivyo muda mrefu, na tulipomuuliza, naye alisingizia moshi huohuo.